Kipimo au Hukumu? Uhakiki wa Istilahi za Uchunguzi wa Uzazi

Miongoni mwa kazi zinazowafikia wafasiri wa nyaraka za afya siku hizi zimo fomu za maabara, vipeperushi na barua za rufaa zinazowahusu mume na mke waliokwisha kupita umri wa miaka 35, ambao wanataka mtoto na bado hawajampata. Nyaraka hizo ni fupi, nazo huonekana nyepesi. Kumbe ndizo ambazo kosa la neno moja huweza kuwagharimu wahusika mwezi mzima, au miezi sita, katika umri ambao miezi haina budi kuhesabiwa. Madhumuni ya makala haya ni kuzihakiki baadhi ya istilahi zinazotumika katika uwanja huo, kuonyesha mahali zinapopotosha, na kutoa mapendekezo ambayo wafasiri, walimu na watumishi wa serikali wanaweza kuyapima wenyewe.

Hoja yetu ni moja. Istilahi ya kipimo yapasa itaje kitu kinachopimwa na wakati wa kukipima. Haipasi kumhukumu anayepimwa. Istilahi nyingi tunazozikuta zimefanya kinyume cha hayo: zimeacha kukitaja kitu, zikatangulia kutoa hukumu. Nyingine, kwa kuogopa kuhukumu, zimelainishwa hata zikapoteza habari iliyotakiwa. Makosa yote mawili yana madhara yake, nasi tutayaangalia yote.

TASA NA MGUMBA

Tuanze na jina la jambo lenyewe. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa hali hii ni kutopatikana kwa mimba baada ya miezi 12 au zaidi ya kujamiiana mara kwa mara bila kinga. Mwaka 2023 Shirika hilo lilikadiria kwamba mtu mzima mmoja katika kila sita hufikwa na hali hiyo wakati fulani maishani. Msomaji aangalie kwa makini maana hiyo: ndani yake hamna neno "hawezi". Lililomo ni "hajapata", na muda umetajwa.

Kiswahili kina chombo cha kulieleza jambo hili barabara kuliko lugha nyingi, nacho ni kiambishi -ja-. "Hazai", "hawezi kuzaa" na "hajazaa" ni kauli tatu zenye maana tatu, na kila mzawa wa lugha anazitofautisha bila kufundishwa. Kauli ya tatu inaacha mlango wazi. Lakini mfasiri anapofikia maana ya Shirika la Afya Duniani, mara nyingi huiacha kauli hiyo ya tatu na kuchukua neno "utasa" au "ugumba", ambayo yote mawili ni ya kauli ya pili.

Tuyatazame maneno hayo katika matumizi mengine. Katika hisabati tunasema "namba tasa", yaani ile isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe. Namba ya namna hiyo haitarajiwi kubadilika kesho. Katika mkono tuna kidole gumba, kinachosimama peke yake mbali na wenzake. Ng'ombe akiitwa tasa, mfugaji amekwisha kukata shauri juu yake. Ni dhahiri, basi, kwamba mashina haya mawili yanataja hali ya kudumu, wala si hatua ya kupita. Kumwita mtu tasa kwa sababu miezi 12 imepita ni kumpa jina la kudumu kwa jambo ambalo huenda likabadilika.

Tena hubadilika kweli. Mwongozo wa tiba uliotolewa Uingereza mwaka 2013 unaeleza kuwa, mke akiwa hajafika miaka 40, wenzi zaidi ya 80 katika kila 100 hupata mimba ndani ya mwaka wa kwanza wa kujaribu, na kwamba takriban nusu ya wale wanaobaki huipata katika mwaka wa pili. Maana yake ni kuwa, tukilitumia neno "tasa" siku ile mwaka wa kwanza unapotimia, tutakuwa tumelitumia kimakosa kwa karibu nusu ya wale tuliowaita hivyo. Istilahi inayokosea mara moja katika kila mara mbili haifai kuandikwa kwenye cheti cha daktari.

Ziko kasoro nyingine mbili. Kwanza, waandishi hawapatani. Wengine husema kuwa mgumba ni mwanamume na tasa ni mwanamke. Wengine husema kuwa mmoja ni yule asiyewahi kabisa kushika mimba na mwingine ni yule aliyewahi kisha ikakoma. Istilahi ambayo maana yake hubadilika kwa kila mwandishi haijawa istilahi bado. Pili, wafasiri wamelazimika kubuni "utasa wa pili" kwa ajili ya mama aliyekwisha kuzaa na sasa hapati mimba nyingine. Mama mwenye mtoto mgongoni kisha akaitwa tasa ni kichekesho katika Kiswahili, naye akiusoma ukurasa huo atadhani haumhusu. Mama wa miaka 37 anayemtafutia mwanawe ndugu ni mmoja wa wale wanaohitaji sana kuusoma.

Kwa sababu hizo tunapendekeza kwamba jina la jumla liwe "kuchelewa kupata mimba", na kwamba pale inapohitajika kutofautisha, isemwe "kuchelewa kwa mimba ya kwanza" na "kuchelewa baada ya mimba iliyotangulia". Neno "utasa" libaki kwa hali ambayo uchunguzi umethibitisha kuwa mimba haiwezi kupatikana, mathalani kwa mtu asiye na mji wa mimba.

HATARI YA TAFSIDA

Yupo atakayepinga kuwa neno "kuchelewa" ni laini mno, na kwamba litawafanya watu wakae wakisubiri. Pingamizi hili ni la haki, wala hatulipuuzi. Tumeona vipeperushi vinavyomwambia mke na mume "wawe na subira" bila kutaja umri wala muda. Kwa mke wa miaka 26 ushauri huo pengine hauna madhara. Kwa mwenye miaka 38 ni ushauri mbaya uliovikwa maneno mazuri.

Dawa ya tafsida hata hivyo si tusi. Dawa yake ni tarakimu. Chama cha Marekani cha Tiba ya Uzazi kinashauri kuwa uchunguzi uanze baada ya miezi 12 ikiwa mke hajafika miaka 35. Baada ya miezi 6 ikiwa ana miaka 35 au zaidi. Na bila kungoja muda mrefu akiwa amepita miaka 40. Mfasiri anayeandika "kuchelewa kupata mimba kwa miezi 6, mke akiwa na miaka 35 au zaidi" hakumtukana mtu, wala hakumlaza usingizi.

Hapa pia yafaa tuseme neno juu ya "mimba ya uzeeni" na "uzazi wa uzeeni". Katika jamii zetu mtu wa miaka 37 haitwi mzee. Huenda bado anatumwa na wazee. Istilahi hiyo haina ukweli wa kijamii, na kwa daktari pia haina faida, kwa maana haimwambii umri. Tarakimu yenyewe, "mimba katika miaka 35 na zaidi", ni fupi na haina ubishi.

NGUVU ZA KIUME NA MBEGU

Katika takriban nusu ya wenzi wanaochelewa kupata mimba, upande wa mume una sehemu yake katika sababu, ama peke yake ama pamoja na upande wa mke. Kipimo chake cha kwanza ni rahisi, hakiumizi, na hakihitaji kungojea siku fulani ya mzunguko wa mke. Pamoja na hayo, waume wengi hukikwepa. Sababu ziko nyingi, lakini moja imo katika jina: kipimo hiki kimezoea kuitwa, hata na watu wenye elimu, "kupima nguvu za kiume".

Jina hilo ni kosa tupu. Nguvu za kiume ni uwezo wa kujamiiana. Kipimo hiki hakiugusi. Kinachotazamwa chini ya darubini ni shahawa, ili zijulikane mbegu zilizomo: idadi yake, mwendo wake na umbo lake. Mume mwenye nguvu zake zote huweza kuwa na shahawa zisizo na mbegu hata moja, na kwa macho asione tofauti yoyote. Kadhalika, mwenye upungufu wa nguvu huweza kuwa na mbegu tele. Mfasiri anapoyachanganya mambo haya mawili, humfanya mume aamini kwamba akienda maabara anakwenda kushtakiwa uhanithi. Nani atakayekwenda kwa hiari yake?

Ni lazima pia tutenganishe "shahawa" na "mbegu". Shahawa ni majimaji. Mbegu ni chembe hai zilizomo ndani yake. Tunapendekeza "kipimo cha shahawa" kwa kipimo, na "idadi ya mbegu", "mwendo wa mbegu" na "umbo la mbegu" kwa matokeo yake matatu makuu.

Tatizo kubwa zaidi liko katika kuyasoma matokeo. Mwongozo wa maabara wa Shirika la Afya Duniani, ambao toleo lake la sita lilitoka mwaka 2021, unataja mipaka ya chini ya kulinganishia: mbegu milioni 16 katika mililita moja ya shahawa, mbegu milioni 39 kwa jumla, zenye mwendo zikiwa 42 katika kila 100, na zenye umbo kamili zikiwa 4 katika kila 100. Mipaka hiyo ilipatikana kwa kuwapima wanaume ambao wake zao walishika mimba ndani ya miezi 12, kisha mstari ukachorwa mahali ambapo 5 katika kila 100 miongoni mwao waliangukia chini. Kwa hiyo walio chini ya mstari nao walikuwa baba! Fomu inayoandika "si mzima" au "mbegu mbovu" mbele ya tarakimu iliyo chini ya mstari imetia hukumu ambayo mwongozo wenyewe haukuitoa. Na mtu anayeambiwa kuwa mbegu zake 95 katika 100 "zimeharibika", bila kuambiwa kuwa mpaka wenyewe ni 4 zenye umbo kamili katika 100, atarudi nyumbani akiwa na huzuni isiyo na msingi. Neno linalofaa ni "chini ya mpaka wa kulinganishia", likifuatwa na agizo la kupima tena. Mbegu huchukua kiasi cha siku 70 kutengenezwa, na homa ya miezi miwili iliyopita huweza kuonekana katika kipimo cha leo.

Kwa watumishi wanaotunga fomu tuna ombi dogo. Fomu yenye nafasi ya jina la mke peke yake, juu yake ikiandikwa "jina la mgonjwa", imekwisha kuamua kabla ya kupima. Iandikwe "majina ya wenzi", na nafasi ziwe mbili.

AKIBA AU SALIO?

Mke aliyefika miaka ya mwisho ya thelathini hupimwa homoni iitwayo AMH, na kwa ultrasaundi huhesabiwa vifuko vidogo vya mayai vinavyoonekana katika ovari. Vipimo hivi viwili vimeitwa kwa Kiswahili "vipimo vya akiba ya mayai", na wakati mwingine "vipimo vya uwezo wa kuzaa". Majina yote mawili yana kasoro.

Katika Kiswahili akiba ni kitu anachokiweka mtu kwa makusudi ili kimfae baadaye. Anaweza kukiongeza. Tena tumefundishwa tangu utotoni kwamba akiba haiozi. Mayai ya mwanamke ni kinyume cha hayo yote. Hakuna aliyeyaweka kwa makusudi, na hakuna awezaye kuyaongeza. Makadirio yanayotumiwa sana na madaktari ni kuwa mtoto wa kike huzaliwa na mayai milioni 1 hadi 2; anapovunja ungo yamebaki kati ya 300,000 na 500,000; anapofika miaka 37 yamebaki kama 25,000; na anapofika 51 yamebaki kama 1,000. Kisha yale yaliyobaki huongezeka kasoro za kromosomu kadiri umri unavyokwenda, hata kama idadi yake ingali kubwa. Mke wa miaka 38 anayeambiwa kuwa "akiba yako ni nzuri" anaisikia methali nyuma ya neno, naye huenda akaahirisha mwaka mwingine. Neno limemdanganya, ingawa tarakimu ilikuwa sahihi.

Tunapendekeza "salio la mayai". Neno hili latokana na kusalia, na sasa halina mgeni hata kijijini, kwa kuwa kila mwenye simu hulitazama salio lake. Salio hutaja kilichobaki tu; haliahidi kuwa kitadumu, wala halisemi kama ni kizuri au kibaya.

Ama "uwezo wa kuzaa", jina hilo linapotosha kwa upande wa pili. Uchunguzi uliofanywa North Carolina, Marekani, na kuchapishwa mwaka 2017, uliwafuata wanawake wapatao 750 wenye umri wa miaka 30 hadi 44 ambao hawakuwa na historia ya kuchelewa kupata mimba. Wale waliokuwa na AMH ya chini hawakuonekana kuwa na nafasi ndogo ya kupata mimba kwa njia ya kawaida kuliko wenzao. Kipimo hiki humfaa daktari anayetaka kukadiria mayai mangapi yatapatikana iwapo mke atapewa dawa za kuyachochea. Kukiita kipimo cha uwezo wa kuzaa ni kukitwisha mzigo kisiouweza, na ni kumvunja moyo mama ambaye yai moja tu lingemtosha.

SIKU YA 21 YA MWEZI GANI?

Sasa tufikie kosa ambalo ni la lugha tupu, na ambalo laweza kusahihishwa kesho asubuhi bila gharama yoyote. Ili kujua kama yai limetoka, hupimwa homoni ya projesteroni katika damu. Maagizo ya Kiswahili husema: "Njoo siku ya 21 ya mwezi."

Katika lugha yetu "mwezi" ni mwezi wa kalenda, na pia ni hedhi, kama tunavyosema kuwa mtu yumo mwezini. Msomaji wa agizo hilo ana haki kamili ya kwenda maabara tarehe 21 ya mwezi wa kalenda. Huko atapimwa, atapewa karatasi yenye tarakimu, na tarakimu hiyo haitakuwa na maana. Isemwe "mzunguko wa hedhi", na iongezwe kuwa siku ya kwanza kutoka damu ndiyo siku ya 1.

Lakini hata hivyo istilahi "kipimo cha siku ya 21" ina upungufu. Homoni hii hufikia kilele chake yapata siku 7 baada ya yai kutoka, ambazo ni kama siku 7 kabla ya hedhi inayofuata. Hiyo ni siku ya 21 kwa mwenye mzunguko wa siku 28 peke yake. Mwenye mzunguko wa siku 35 anapaswa kupimwa siku ya 28, na mwenye siku 24 apimwe siku ya 17. Yule wa siku 35 akifuata jina la kipimo atakwenda siku ambayo yai lake ndilo kwanza linatoka, karatasi itaonyesha homoni ndogo, naye ataambiwa kuwa mayai yake hayatoki. Jina sahihi ni "kipimo cha siku 7 kabla ya hedhi". Ni refu kidogo, lakini linamwambia kila mwanamke siku yake.

Katika uwanja huu huu wafasiri hutumia "kupevuka kwa yai" kwa mambo mawili: yai kukomaa na yai kutoka katika ovari. Mambo hayo hufuatana, lakini si jambo moja. Huenda kifuko kikakua na yai lisitoke. Tunashauri "kupevuka" libaki kwa kukomaa, na "kutoka kwa yai" litumike kwa tendo la pili, ambalo ndilo linalochunguzwa kwa projesteroni.

Istilahi "kupima kizazi" nayo haina mpaka. Watu huitumia kwa ultrasaundi ya mji wa mimba, kwa picha ya eksirei ya mirija inayopigwa baada ya kuingizwa dawa ya rangi, na hata kwa vipimo vya damu. Mke aliyewahi "kupimwa kizazi" mara tatu huenda hajapimwa mirija hata mara moja. Jambo hili si dogo kwetu. Uchunguzi mkubwa wa Shirika la Afya Duniani uliofanywa tangu mwaka 1979 hadi 1984 katika nchi nyingi uliona kuwa kuziba kwa mirija kutokana na maambukizo ni kwingi zaidi katika Afrika kuliko katika sehemu nyingine zilizochunguzwa. Kiungo kitajwe kwa jina lake: "picha ya mirija", "ultrasaundi ya mji wa mimba", "ultrasaundi ya ovari".

"USIO NA SABABU"

Kwa wenzi kati ya 15 na 30 katika kila 100, vipimo vyote hukamilika bila kuonyesha kasoro. Vipeperushi huliita jambo hili "utasa usio na sababu". Hakuna jambo lisilo na sababu. Lipo ambalo sababu yake haijaonekana kwa vipimo vilivyopo. Tofauti hiyo ina uzito wake katika nchi zetu, kwa sababu sababu ikikosekana hospitalini hutafutwa kwingine, na aghalabu hupatikana kwa jirani, kwa mkwe, au kwa mke mwenyewe na mambo ya ujana wake. Isemwe "sababu haijaonekana". Hapa tena -ja- inatutosha.

MUHTASARI

Kwa ufupi tunapendekeza haya yafuatayo:

(a) "kuchelewa kupata mimba" badala ya utasa na ugumba, muda na umri vikitajwa;
(b) "kipimo cha shahawa" badala ya kipimo cha nguvu za kiume;
(c) "chini ya mpaka wa kulinganishia" badala ya mbovu au si mzima;
(d) "salio la mayai" badala ya akiba ya mayai na uwezo wa kuzaa;
(e) "kipimo cha siku 7 kabla ya hedhi" badala ya kipimo cha siku ya 21;
(f) "kutoka kwa yai" badala ya kupevuka, pale tendo linapokuwa ni la kutoka;
(g) jina la kiungo badala ya kizazi;
(h) "sababu haijaonekana" badala ya usio na sababu.

Hatudai kuwa orodha hii imekamilika, wala kwamba kila neno lililomo litakubalika na wote. Huenda wakunga na wauguzi wanaozungumza na watu kila siku wanayo maneno bora kuliko haya, na tungefurahi kuyapokea na kuyajadili katika kurasa hizi. Tunaloshikilia ni kanuni yenyewe. Kabla mfasiri hajaipeleka karatasi yake kwa mpiga chapa, na ajiulize kwa kila istilahi: je, mke na mume wakiisoma hii usiku, wawili peke yao, watajua kitakachopimwa, cha nani, na siku gani? Ikiwa jibu ni la, basi kazi ya tafsiri haijamalizika.